Hillevi, Pedali Nyeusi na Riwaya ya Magome

Hillevi Sandgren alikatika ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto Jumamosi moja ya vuli, akipasua kuni kwa mashine nyuma ya nyumba yake pembezoni mwa Skellefteå, kaskazini mwa Uswidi. Mashine ilikuwa yake mwenyewe, kaizoea kama alivyouzoea upawa wa kupakulia. Mumewe, Börje, alitoa kichwa dirishani kumwuliza chujio la kahawa liko wapi, naye akageuka kumjibu. Alipourudisha uso, kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimeishia kwenye kiungo cha juu, na theluji ya kwanza ya mwaka ule imebadilika rangi.

Hospitali hawakuweza kuviunganisha. Nesi aliyemfunga bendeji, binti mchangamfu, akamwuliza anafanya kazi gani.

"Mpishi wa shule," Hillevi akasema.

"Basi usihofu, mama. Kabla ya Krismasi utashika kisu kama kawaida."

"Na gitaa je?"

"Kumbe unapiga gitaa?"

"Nilikuwa napiga."

Börje, aliyekaa pembeni na koti la mkewe mapajani, aliisikia ile "nilikuwa" ikamchoma. Asubuhi ileile, kabla ya kwenda kwenye kuni, mwanamke huyu alikuwa amepiga gitaa jikoni mpaka vikombe vikacheza kabatini.

Watu waliomjua Hillevi shuleni tu, na kofia yake ya wavu na aproni yake, wasingeamini. Lakini alipokuwa msichana alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya vijana wanne waliovaa nyeusi kuanzia kofia hadi viatu, wakizunguka kumbi za vijana na mabohari ya mbao kutoka Umeå mpaka Luleå. Muziki wao ulikuwa wa kunguruma, na mngurumo wenyewe ulitoka kwenye kisanduku kimoja cha chuma kinachoenea kiganjani, kilicholazwa sakafuni mbele ya mguu wake. Pedali. Unachomeka waya wa gitaa upande mmoja, waya wa amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, upande wa pili, unaikanyaga, na ile sauti nyembamba ya uzi inatokea kwenye spika ikiwa nene, imechanika, ina meno.

Yake ilikuwa nyeusi, yenye maandishi ya rangi ya machungwa na vifundo vinne vya kuzungusha. Ilitengenezwa Japani miaka ya themanini kwa wapigaji waliotaka kuonja ukali kidogo. Wapigaji wa maana waliikataa, wakasema ni kelele tupu. Vijana wa kaskazini wakaichukua, wakazungusha vifundo vyote vinne mpaka mwisho, wakaviacha hapo. Kikatoka kitu ambacho sidhani kama aliyeiunda alikikusudia: sauti ya msumeno wa injini unaokula mti wenye barafu ndani. Baadaye dunia nzima ikaanza kuzisaka pedali hizo. Hillevi hakuwa na haja ya kusaka. Bendi ilivunjika, akaolewa, akawapikia watoto wa watu wengi na watoto wa watoto wao, na pedali ikabaki chini ya meza ya jikoni, tayari kwa mguu.

Bendeji zilipotoka alijaribu mara moja tu. Vile vidole vifupi havikufika kwenye nyuzi, na pale vilipofika viliuma kama vimechomwa na pasi. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kigugumizi. Akachomoa waya, akalitia gitaa stoo, akaitupia pedali kwenye boksi la nguo kuukuu zinazokwenda kwenye mitumba ya kanisa.

"Una hakika?" Börje akamwuliza.

"Peleka."

Börje akapeleka boksi.

Baada ya hapo Hillevi akalala kochini. Kazini bado alikuwa na ruhusa ya ugonjwa, na majira yalikuwa yale ambayo jua linachungulia tu juu ya misonobari kisha linarudi zake. Alitazama vipindi vya watu wanaonunua nyumba Uhispania. Hakupika. Börje, ambaye ni dereva wa gari la kuondoa theluji, alirudi kutoka zamu akamkuta palepale alipomwacha, blanketi likiwa lilelile.

Aliyemwinua alikuwa Gunnel, mkutubi wa mji, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Gunnel hakubisha hodi. Aliingia na viatu vyake vya theluji mpaka sebuleni, akasimama mbele ya televisheni.

"Shoga, umeanza kunuka kochi."

"Ondoka hapo, naona bafu lao."

"Bafu lao halikuhusu. Jumatano saa tisa mchana uje maktaba, kwenye kikundi cha wasomaji. Kitabu ni hiki."

"Mimi na vitabu wapi na wapi, Gunnel?"

"Kitabu kinafunguliwa kwa kidole gumba. Hicho unacho."

Maneno hayo yalikuwa makali, na Gunnel mwenyewe aliyajutia yakiwa bado hewani. Lakini Hillevi alicheka, cheko la puani, na akakipokea kitabu.

Kiliitwa *Magome*. Mtunzi wake alikuwa Tyra Norberg, bibi wa huko juu Arvidsjaur aliyeandika riwaya moja tu maishani, hiyo. Ni habari za mwaka wa njaa, zamani, mashamba yalipokufa kwa baridi katikati ya kiangazi. Mwanamke anayeitwa Brita anaondoka milimani na watoto wake wawili, wanakwenda kwa miguu pwani ambako inasemekana kuna ghala la nafaka. Wanakula mkate wa unga uliochanganywa na magome ya msonobari. Mtoto mdogo anakufa njiani. Ardhi ni barafu, haichimbiki, kwa hiyo Brita anamfunga kwenye sleji, ubao wa kukokota juu ya theluji, na kuendelea kumvuta. Mwishoni anafika pwani, anasimama mbele ya mlango wa ghala, anagonga. Anagonga tena. Kitabu kinaishia hapo.

Jumatano ile Hillevi aliingia maktaba amevimba kwa hasira. Walikuwa watu kama kumi hivi wamekaa mduara, kahawa na mikate ya mdalasini mezani, na mwenyekiti wao ni mzee Ragnvald Åström, mkata miti mstaafu, mrefu, mwenye sauti nzito kama inayotoka kwenye buti.

"Mgeni wetu aanze," Ragnvald akasema. "Umekionaje?"

"Mlango haufunguliwi?"

"Haufunguliwi."

"Yaani nimevutana na huyu mama kilomita zote hizo, na mtoto maiti kwenye sleji, halafu mlango haufunguliwi? Mimi nimewapakulia watoto chakula maisha yangu yote, Ragnvald. Mtu akigonga unafungua. Huyo mtunzi ana moyo wa namna gani?"

"Angefunguliwa," Ragnvald akasema taratibu, "ungekuwa umeshakisahau kitabu ukiwa bado kwenye basi."

Hillevi alirudi na hasira zake zote. Alipofika nyumbani alikianza upya, safari hii kwa nia ya kutafuta makosa. Alitaka apate mahali Tyra Norberg alipodanganya. Hakupaona. Aliona kitu kingine: katika kitabu kizima, Brita hana matumaini hata mstari mmoja. Hamwombi mtu, haoti ndoto, hajiambii kwamba kesho itakuwa njema. Anafunga kiatu. Anatikisa theluji kwenye shali. Anavuta. Sentensi zenyewe zilikuwa fupi na zimekwaruza, hazikupakwa mafuta, na hakuna hata moja iliyotaka kupendwa. Hillevi akakilaza kitabu kifuani, akakodolea macho dari.

"Hiki kitabu," akasema kwa sauti, "kina kifundo kimoja tu, na kimezungushwa mpaka mwisho."

Aliposikia alichosema akakaa kitako.

"Börje!"

"Naam." Börje alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Pedali yangu ilikwenda mitumba?"

"Boksi lilikwenda."

"Nakuuliza pedali."

Börje akajifuta mikono, akavaa buti, akatoka nje. Alirudi na kisanduku cheusi kimefungwa kwenye soksi yake ya sufu. Kilikuwa kimekaa muda wote kwenye gari la theluji, nyuma ya kiti cha dereva. Hillevi alimkumbatia akiwa bado na soksi mkononi, na viazi siku hiyo viliungua.

Alichokifanya baadaye kilikuwa rahisi, na alijishangaa kwamba hakukifikiria kwanza. Aliulegeza uzi mnene kuliko zote, kiasi kwamba kidole cha shahada kikilazwa kwa upana juu ya nyuzi tatu nene, zinalia pamoja na zinapatana. Kidole kimoja. Kwenye gitaa tupu ile ilikuwa sauti ya kitoto. Akaikanyaga pedali.

Vikombe vikacheza. Mbwa wa jirani akabweka. Pedali ile haikutaka ufundi mwingi wa vidole. Kwa hakika ufundi mwingi iliusaga ukawa uji. Ilitaka noti chache, nzito, zenye nafasi katikati. Na pale katikati, mkono ukiwa umetulia, haikunyamaza. Ilivuma. Zamani bendi nzima iliuchukia mvumo ule, wakijaribu kuufunika kwa ngoma. Sasa Hillevi aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu aliujua. Alikuwa ameusoma. Ulikuwa upepo unaosukuma theluji kavu juu ya mto ulioganda, ukurasa baada ya ukurasa.

Akapiga mpaka Börje akaja kusimama mlangoni.

"Nini hicho?"

"Brita anavuka mto."

Börje hakuwa amesoma kitabu. Alisimama pale mpaka mto ukaisha.

Kila mwaka mwezi wa pili maktaba hufanya Jumapili ya riwaya, mchana, ukumbi mkubwa. Mwaka ule zamu ilikuwa ya *Magome*. Ragnvald angesoma sura ya mwisho, na Gunnel alikuwa ameshapanga amlete mpiga kinubi. Hillevi alimfuata ofisini.

"Mwondoe huyo wa kinubi. Niweke mimi."

Gunnel akavua miwani. "Wewe na hilo dude lako?"

"Mimi na hilo dude langu."

"Hillevi, watakuja wazee wa watu. Wengine wana vifaa vya masikio."

"Watavipunguza."

Gunnel alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwita Ragnvald. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kukunjamana.

"Hapana," akasema. "Sauti hiyo naijua, wapwa zangu wanayo kwenye simu. Ni msumeno. Nimeushika msumeno tangu ujana wangu, masikio yangu nusu yamebaki huko msituni. Nimestaafu nisiusikie tena, halafu uniletee maktaba? Kitabu hiki ni cha ukimya."

"Umewahi kulala nje wakati wa baridi, Ragnvald?"

"Mara nyingi."

"Kulikuwa kimya?"

Mzee akajipapasa sikio. "Sikubali," akasema hatimaye, ila kwa sauti ya chini kidogo.

Gunnel aliona njia moja tu ya kumaliza ugomvi. Tyra Norberg alikuwa bado hai, kwenye nyumba ya wazee huko Arvidsjaur, na kila mtu alijua kwamba haji kwenye hafla na hapokei waandishi wa habari. Lakini simu alikuwa anapokea. Gunnel akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Nani?" Sauti ilikuwa kavu kama mkate wa zamani.

Gunnel akajieleza kwa adabu zote, bibi hivi, bibi vile, Jumapili ya riwaya, kuna wazo la muziki chini ya usomaji.

"Muziki gani? Filimbi?"

"Hapana, bibi. Gitaa la umeme."

"Lina makelele?"

Gunnel akamtazama Hillevi. Hillevi akatikisa kichwa kukubali.

"Mengi sana, bibi."

"Basi sawa. Filimbi ningekataa. Miaka yote wananiletea mafilimbi na vinanda, kama vile yule mama alikwenda pikniki." Akakohoa. "Na hiyo simu muiweke karibu na spika. Nataka kusikia kama mnaniharibia."

Ikakatika. Ragnvald alichukua kofia yake, akaivaa, akaivua tena.

"Basi tuanze mazoezi lini?" akauliza, bado amenuna.

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa mpaka viti vikaongezwa. Walikuja wazee na vifaa vyao vya masikio, kama Gunnel alivyosema, lakini walikuja pia watu wazima wenye mvi na fulana nyeusi zilizopauka, waliosikia kwamba Hillevi wa ile bendi anapiga. Walimu walikuja kumwona mpishi wao. Hillevi alisimama upande mmoja na gitaa, mkono wa kushoto wazi kila mtu auone. Kabla ya kuanza alitamani kochi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Lakini pale miguuni ilikuwepo pedali, na mbele ya amplifaya, juu ya kiti, Gunnel alikuwa ameilaza simu kwenye mto mdogo kama mgonjwa.

Ragnvald akafungua kitabu. Hillevi akaikanyaga pedali na hakupiga kitu.

Mvumo ukaingia ukumbini. Haukuwa mkubwa. Watu walitazamana, mmoja akakaza koti. Ragnvald akaanza kusoma juu yake, na ghafla ile sauti yake ya buti ikawa ya mtu anayeongea na upepo usoni. Brita akashuka kwenye ukingo wa mto. Hapo Hillevi akaangusha noti ya kwanza, kidole kimoja, uzi umelegea mpaka unakaribia kugonga mbao, na wasikilizaji waliisikia kifuani kabla ya masikioni. Barafu ikapasuka chini ya sleji. Hatua. Noti. Hatua. Ragnvald aliacha kumtazama. Alikuwa anavuta naye.

Walipofika mahali ambapo mtoto mkubwa anamwuliza mama kama mdogo wake bado analala, Hillevi aliondoa mguu, akazima kila kitu. Katika mazoezi hawakuwa wamepanga hivyo. Ragnvald akabaki na sentensi ile peke yake katika ukumbi mzima. Aliisoma, akaisoma tena.

Kisha mlango. "Akagonga," Ragnvald akasoma. Hillevi akaligonga gitaa kwa ngumi, na pedali ikaifanya ngumi ile kuwa kubwa kama ghala lenyewe. "Akagonga tena." Akagonga tena. Ragnvald akafunga kitabu, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha.

Hillevi hakuacha. Mpango ulikuwa aache, lakini mkono wake ulikataa kumwacha yule mama pale. Akagonga tena, na tena, taratibu, kwa mpigo uleule. Ragnvald alimgeukia, na kila mtu alidhani atamkataza. Mzee akainua kiganja chake kipana akakipiga kwenye meza ya kusomea, pamoja naye. Mwenye fulana iliyopauka akapiga mguu chini. Bibi mmoja mstari wa mbele akapiga fimbo yake. Halafu ukumbi wote, viatu vya theluji sakafuni, mikono kwenye migongo ya viti, watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kupaza sauti maktaba wakagonga mlango ule kwa nguvu zao zote, nyuso zimewaiva, wengine machozi yanawatoka na hawayafuti. Hillevi akaligeuzia gitaa kwenye spika na kuliacha lilie lenyewe, bila mkono kugusa uzi, sauti moja ndefu iliyojishika hewani, ikapanda, ikapanda. Akanyanyua mkono wa kushoto juu, vidole vitatu virefu na viwili vifupi.

Walishangilia kama uwanja wa mpira wa magongo. Börje alikuwa amesimama juu ya kiti. Hakukumbuka alipandaje.

Gunnel ndiye aliyekumbuka simu. Akainua mkono kuwanyamazisha, akaiinua. "Bibi Tyra? Bado upo?"

"Nipo. Hapa kuna nesi amekuja mbio, anadhani boila ya kupasha maji imepasuka. Nimemfukuza. Nani huyo alikuwa anapiga?"

"Hillevi, bibi. Mpishi wa shule."

"Mwambieni Hillevi hivi. Tangu nikitoe kitabu kile watu wananiuliza swali moja, kama mlango ulifunguliwa. Wote wanauliza wakiwa ndani, wamekaa. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia watu wamesimama na yule mama, wanagonga. Mnaweza kurudia?"

Walirudia. Ragnvald ndiye aliyedai, kabla ya mtu yeyote.

Baada ya siku hiyo maktaba za Piteå na Boden ziliwaita, na Ragnvald alinunua vizibo vya masikio vya rangi ya pinki ambavyo alivitoa mfukoni kila mahali na hakuvitumia popote. Hillevi alirudi kazini. Shuleni watoto walimwomba awaonyeshe vidole, naye aliwaonyesha, akawauliza kama wanataka sosi zaidi.

Theluji ilipoanza kulainika barabarani, Börje aliwaendesha Hillevi na Ragnvald mpaka Arvidsjaur. Waliwapisha kulungu wa kufugwa wa Wasami, wenyeji wa kaskazini, waliokuwa wamelala katikati ya njia, hawana haraka na mtu. Tyra Norberg aliwapokea chumbani kwake akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kuliko sauti yake, macho ya buluu makali. Hakutaka kuzungumza habari za kitabu. Ragnvald alikuwa ameandaa maswali njia nzima, akayameza.

"Kiko wapi hicho kidude?" bibi akauliza.

Hillevi akaichomeka pedali kwenye amplifaya ndogo, akavaa gitaa, akapiga magoti kuiweka sakafuni mbele ya kiti. Bibi aliinama akaitazama kwa muda mrefu, rangi iliyobanduka kwenye kona, chuma kilichong'aa pale mguu wa msichana wa miaka kumi na saba ulipoanza kukanyaga.

"Naweza?"

"Karibu, bibi. Kanyaga tu."

Tyra akanyoosha mguu wake mwembamba wenye ndara ya manyoya, akakanyaga. Hillevi akaangusha noti moja. Glasi ya maji ikatembea juu ya meza, mtu akapiga kelele kwenye ukumbi wa nje, na yule bibi ambaye hakuwahi kumwandikia msomaji hata tabasamu moja akacheka mpaka akashika ubavu.

"Tena," akasema, mguu bado juu ya pedali.